Kofia Niliyoifumua

Shangazi yangu aliponiachia ukumbi wake wa juu, hapa mjini Lamu, nilirithi pamoja nao wanawake tisa waliokuwa wakishona kofia. Mimi nilichora nakshi kwa penseli juu ya bafta nyeupe. Wao walitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na jina. Aliyetaka kofia ya harusi alielekezwa kwangu.

Ukumbi ule ulikuwa na kazi nyingine pia, isiyotajwa. Mwanamke aliyefiwa au aliyeachwa aliletwa akae nasi, kwa sababu kushona humtuliza mtu moyo. Shangazi aliwapokea wote. Mimi nilifuata desturi yake, nikidhani naielewa.

Siku moja jirani aliniletea mke wa mwanawe, msichana wa Faza aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza kwa homa.

"Bi, mchukue akae nanyi," aliniambia. "Hali chakula, hasemi. Huenda kazi ya mikono ikamsaidia."

Wiki tatu alikaa pembeni akiwatungia wenzake uzi kwenye sindano. Wiki ya nne akachukua kitambaa. Vitundu vyake vilikuwa vidogo na safi kuliko vya wote. Akaanza kula tende nasi na kunywa kahawa, na asubuhi moja nilimsikia akicheka. Mkwe wake alinishika mkono njiani akanishukuru, nami nikajiona tabibu.

Kisha ofisi ya serikali ikatutaka tupeleke kofia kwenye maonyesho. Nilichora nakshi moja, nikawaamuru wote waifuate, ili kazi ionekane imetoka mkono mmoja. Mkono wangu, kusema kweli. Msichana alipoleta yake, niliona safu ya vitundu ukingoni imeuacha mstari wangu: imekwenda upande, imesimama, imerudi, imekwenda tena. Wenzangu walipokwenda kuswali adhuhuri, nilichukua wembe nikaifumua safu yote, nipate kuishona upya.

Msichana aliporudi aliikuta kofia yake mapajani mwangu.

"Umeifumua, Bi?"

"Ilikuwa imepinda, mwanangu."

"Haikupinda," alisema polepole. "Hiyo ndiyo ndia ya mwanangu. Ndivyo alivyokuwa akenda, alipotoka kusimama dede."

Aliweka sindano mkekani, akajitanda buibui lake, akashuka ngazi. Ningeweza kumfuata. Lakini mjumbe wa ofisi alikuwa aje jioni ile kuzichukua kofia, na zilikuwa bado hazijapigwa pasi. Nikainama nikaendelea kushona.

Kofia zilisifiwa sana. Nikapewa cheti, nikakitundika ukutani. Nilipopata nafasi ya kwenda kwa jirani, niliambiwa msichana amerudishwa kwa wazazi wake, na kwamba ameacha tena kula.

Ilinichukua miezi mitano kujikaza na kupanda mashua kwenda Faza. Alinipokea kwa heshima, akanitandikia mkeka, akanipa maji ya ukwaju. Alikuwa amekonda, ila alikuwa akiongea. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, Bi. Hukujua."

Nikamtolea bafta na sindano nilizomletea. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Wape wengine. Mimi nishaacha."

Niliporudi nilikishusha kile cheti, nikaweka sharti kwamba hakuna kazi itakayofumuliwa bila ya mwenyewe kuridhia. Niliuongoza ukumbi ule miaka mingi baadaye, na watu husema wengi walipata nafuu mle. Inawezekana. Mimi hukumbuka mkeka wa Faza. Tulizungumza habari za ndugu, za mvua, za bei ya samli, kisha akanitazama kama mtu anayengoja kuulizwa neno. Nahodha akaniita, maji ya bahari yalikuwa yakipwa na mashua ingekwama. Nikaondoka bila kumuuliza jina la mtoto wake.