Mji wa Mezani Uliowatetemesha Watu Wazima

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu bapa, nikafunga kitambaa vizuri, nikaingia Nyeri nikidhani nitaketishwa ndani ya gari. Mkurugenzi wa shule ya udereva, mzee mrefu mwenye sauti ya kuongoza ibada, alinikabidhi kigari cha plastiki kinachoenea kiganjani.

"Hiyo ndiyo gari yako," akasema. "Mwanafunzi akiigonga hii, ataigonga ile kubwa pia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinipeleka chumba cha nyuma, kwenye meza pana iliyochorwa mji mzima: barabara, vivuko, taa, reli, hospitali, maegesho, na raundabauti, ule mzunguko wa makutano, katikati. Meza hiyo tuliiita bodi. Nyinyi ambao bado hamjatafuta leseni, jueni kwamba kabla mtahini hajakuweka kwenye usukani, anakusimamisha kwanza mbele ya bodi. Anakuambia utoe gari hapa ulipeleke pale, nawe unalisukuma kwa kidole huku ukieleza kwa sauti: naangalia kioo cha ndani, naangalia kioo cha kulia, nageuza kichwa nione pale ambapo vioo havinionyeshi, natoa indiketa, naondoka. Halafu anakuuliza alama za barabarani na sheria. Ukianguka hapo, hata uwe unaendesha vizuri namna gani, unarudi nyumbani.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na kazi hii haikunisaidia. Kila siku ya mtihani chai haipiti tangu asubuhi, ilhali anayetahiniwa si mimi. Wenzangu walinitania kwamba siku moja Inspekta, mtahini wa polisi, ataninyima leseni niliyokwisha kuwa nayo.

Baada ya Nyeri nilipelekwa Wang'uru, tawi lililokuwa nyuma ya maduka ya mchele. Huko nilifundisha wanaume waliokuwa wakiendesha trekta kwenye matope ya mashamba ya mpunga bila kujali lolote. Wakifika kwenye bodi, mikono inatetemeka mpaka kigari kinapinduka. Mmoja aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Mwalimu, hii gari haina engine. Sasa nitajuaje iko kwa gia gani?" Nilimwambia gia ataisema kwa mdomo. Aliniangalia kama mtu aliyedanganywa.

Kisha nikahamishiwa Nanyuki, kwa Meneja wa Tawi aliyewahi kuwa dereva jeshini. Wanafunzi wake wengi walitaka kuendesha magari ya hoteli na ya wageni wa mbugani. Meneja huyu aliamini kwamba woga unatolewa kwa kelele. "Kichwa juu! Sema kwa sauti!" anapiga meza kwa fimbo, na vigari vyote vinaruka, vingine vinaangukia relini. Siku moja nilimwambia, "Meneja, umesababisha ajali mbaya sana." Hatukuzungumza hadi wiki iliyofuata.

Niliporudishwa Nyeri nilikuwa nakaribia kustaafu, na Mkurugenzi alikuwa ni yule yule, amezeeka tu. Ndipo alipokuja Mama Muthoni kutoka Wamagana, mama wa makamo, mkulima, mwenye maneno machache. Mume wake alikuwa amepatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa. Walikuwa na pikapu moja ya kupeleka maziwa kwenye kiwanda na kumpeleka mzee kliniki. Sasa pikapu ilikuwa imelala uani, na shemeji yake, ndugu mdogo wa mumewe, alikuwa ameshaamua iuzwe.

"Ati gari bila dereva ni ya nini," Mama Muthoni akaniambia. "Amesema atangoja hii mwezi iishe. Nikikosa leseni, anakuja kuchukua funguo. Mwalimu, hiyo gari ikienda, mzee wangu atafikaje hospitali? Nitambeba kwa mgongo?"

Kwenye usukani hakunipa taabu. Aliachia klachi polepole, akasikia gari linapoanza kushika, akaondoka bila kulirusha. Kwenye bodi pia alikuwa amekariri kila kitu. Nilimpeleka kwenye mtihani nikiwa na matumaini.

Inspekta aliyetahini alikuwa mtu wa magharibi, mpole, ila hakuwa na mzaha na bodi. Nilisimama dirishani nje ya ukumbi nikichungulia. Akamwambia Mama Muthoni atoke maegeshoni, apite raundabauti, aende hospitali iliyokuwa upande wa kulia. Mama Muthoni akaanza vizuri, vioo, indiketa, yote. Alipofika kwenye raundabauti akakata kulia moja kwa moja, akayakabili magari yote yanayokuja. Inspekta akafunga kalamu yake. "Mama, hapo umeua watu. Rudi tena."

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Alikariri maneno yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kigari hakikusogea hata kidogo. Alikuwa ameogopa kukigusa.

Siku hiyo sikulala. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha na mtihani uliobaki ni mmoja. Nilirudia kila nilichomfundisha nisione kosa, hadi nilipoingia chumba cha bodi asubuhi na kusimama pale anaposimama yeye. Bodi yetu ilikuwa imesukumwa kwenye kona, kuta pande mbili, mmoja wenye dirisha, makabati upande wa tatu. Kila mwanafunzi alisimama upande mmoja tu, mgongo mlangoni. Mama Muthoni hakuwa amejifunza kulia na kushoto. Alikuwa amejifunza dirisha na kabati. Raundabauti alikuwa akiizungukia upande wa kabati. Ukumbi wa Inspekta haukuwa na kabati, na alikuwa amesimamishwa upande wa pili wa meza.

Nilimkimbilia Mkurugenzi nikamwomba tuivute bodi katikati ya chumba.

"Bodi ni ile ile," akasema. "Watu wamepita na hiyo bodi tangu tufungue."

"Na walioanguka, Mkurugenzi?"

"Hao hawakusoma."

Nilitoka nikiwa nimekasirika mpaka nikasahau mkoba. Nilichukua chokaa, nikachora raundabauti uani penye saruji, nikamwambia Mama Muthoni avue viatu vya matope aingie barabarani. Yeye ndiye alikuwa gari. Nilimwingiza kutoka kila upande, leo huku, kesho kule, mpaka akaacha kutafuta ukuta wa kumwongoza. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutucheka. Mama Muthoni alizunguka na kuzunguka, mkono wa kulia umenyooshwa kama indiketa, akinong'ona, "Anayetoka kulia kwangu nampisha. Anayetoka kulia kwangu nampisha."

Siku ya mtihani wa tatu Mama Muthoni alikuja amevaa gauni la kanisani. Mimi nilisema mengi mno, nikaombwa ninyamaze. Nilirudi dirishani kwangu.

Inspekta akamsimamisha upande wa mbali tena. Kigari kilielekea kwake, yaani kulia kwa kigari kulikuwa kushoto kwa mama. Akaambiwa akipeleke sokoni, kupitia raundabauti. Niliona macho yake yakitafuta ukutani na nikajua amekwisha. Nilishika vyuma vya dirisha. Nilitaka kupiga kelele, nami najua kwamba mwalimu akipiga kelele mtihani unafutwa.

Mama Muthoni akaondoka mahali pake.

"Mama, unaenda wapi?" Inspekta akauliza.

"Naingia kwa gari, afande."

Akazunguka meza mpaka nyuma ya kigari, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya vumbi na gauni lake la kanisani, akashusha kidevu mpaka macho yakawa sawa na barabara. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakuwasikia. Akaangalia vioo vyake, akageuza kichwa, akatoa indiketa, akaondoka. Kwenye raundabauti akasimama kabisa. "Kuna gari inatoka kulia kwangu," akasema. "Naipisha." Akangoja gari ambalo halikuwapo lipite, kisha akaingia kushoto, akazunguka inavyotakiwa, akatoka. Alizunguka meza nzima kwa magoti mpaka sokoni.

Inspekta akafungua kalamu yake. Akamuuliza alama, akazijibu zote akiwa bado amepiga magoti. "Inuka sasa, mama," akasema. "Twende kwa gari yenyewe." Sehemu hiyo ya pili, ya barabarani, haikunitia hofu. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia bila aibu.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Niliagwa kwa soda na hotuba ndefu ya Mkurugenzi, na bodi niliiacha kwenye kona yake ile ile. Vijana huniuliza kazi yangu ilikuwa ngumu kiasi gani, wanadhani nitawaambia habari za kukanyagiwa breki na kuingizwa mtaroni. Mitaro niliizoea. Ugumu ulikuwa kumpeleka mtu mbele ya meza, nikijua nyumbani kwake wanangoja nini, kisha nikae dirishani bila kusaidia. Sijawahi kupata dawa ya hilo. Hadi leo nikiona watu wamepanga foleni nje ya ukumbi wa mtihani, chai hainipiti.

Leseni ya Mama Muthoni ilipotoka alinipigia simu. "Mwalimu, kuja tu siku ya kwanza. Ukae kando yangu." Nilienda Wamagana asubuhi ya kliniki. Gari la shule lina breki ya pili miguuni pa mwalimu, lakini pikapu ile haikuwa nayo. Nilipanda nikiwa natafuta kwa mguu kitu ambacho hakipo. Mzee tulimweka katikati, tukamfunga mkanda, naye akashika dashibodi kwa mkono wake mzima.

Kabla hatujatoka langoni, shemeji akafika. Alikuwa amekuja kuchukua funguo, ndivyo alivyosema. Mama Muthoni akampa leseni dirishani. Aliigeuza mbele na nyuma, akamwangalia ndugu yake, akamwangalia Mama Muthoni kwenye usukani, akairudisha.

"Basi na mimi nilikuwa naenda Nyeri," akasema. Akaenda nyuma, akashika ubao, akainua mguu apande kwenye mitungi ya maziwa.

Mama Muthoni akatoa kichwa nje.

"Shuka, shemeji. Huko nyuma ni ya mzigo, hakubebi watu. Niliulizwa hiyo kwa mtihani."

Akaangalia vioo, akageuza kichwa, akatoa indiketa, tukamwacha hapo langoni.