Bi Ndoo na Mpaka wa Maji

Mabaharia walimbandika jina la Bi Ndoo, kwa kuwa meli ikiacha gati tu, mtafiti huyu wa mikondo ya bahari hakutengana na ndoo ya kutapikia. Dada yake, muuguzi, alimsihi abaki ofisini achambue takwimu kama watu wenye akili zao. Alimjibu kwamba takwimu hizo lazima mtu akazichukue huko huko baharini.

Mwaka huo alikabidhiwa kazi kubwa: meli tatu, ndege moja, na mamia ya maboya yanayoelea huku yakituma taarifa za mahali yalipo. Walitaka kupakuta pale maji baridi yanapokutana na ya uvuguvugu, waone kama maji ya juu huzama hapo.

Walipofika, mpaka huo wa maji haukuwapo. Kipimajoto kilichovutwa nyuma ya meli kilionyesha joto lile lile asubuhi nzima, na mawingu yaliziba picha za setilaiti. Upepo ulikuwa ukichachamaa. Nahodha alishauri wayamwage maboya palepale walipopanga, warudi zao salama.

Bi Ndoo alijifuta mdomo, akainamia ramani. Angekosea, meli zote tatu zingekosea naye. Lakini maboya ya majaribio waliyoyatupa jana yake yalikuwa yamegeuza njia kuelekea kusini, kama yaliyobebwa na duara kubwa la maji yanayozunguka. Huenda duara hilo ndilo lililouburuta mpaka.

"Kapteni, tugeuze kusini."

"Una hakika, mama?"

"Sina. Nina hakika tu kwamba hapa hakuna kitu."

Nahodha aliguna, akageuza meli.

Alasiri joto kwenye kipimajoto liliporomoka ghafla. Mbele yao ulitanda mstari wa povu na mwani. Huku maji ya kijani, kule ya buluu. Walishusha maboya mpaka mikono ikafa ganzi, na Bi Ndoo alishusha nao, akijitenga kidogo kutapika, kisha akirudi kazini.

Siku zilizofuata maboya yaliyokuwa yametawanyika yalianza kujikusanya kwenye ule mstari, na vipimo vya kilindini vikayakuta maji ya juu yamezama chini sana. Si yote yaliyofanikiwa: dhoruba ilimeza maboya mengi, na meli moja ilichelewa, ikaukosa upande wa mashariki wa mpaka.

Nyumbani, dada yake alimtazama alivyokonda, akamuuliza kama sasa ametosheka.

"Bado mashariki," alisema Bi Ndoo. "Nimeshaomba meli."

Dada alishusha pumzi, akamwongezea chai.