Tangi la Mughwai

Mume wangu hakufuga jini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa hapa mtaani, na sasa limefika hadi Ihanja, kijijini kwao alikozikwa. Wanasema Mughwai alileta jini la bahari kutoka Tanga, akaliweka kwenye tangi la kioo sebuleni, na alipofariki likalia machozi ya chumvi na kumshika mkono jirani yetu Evodia. Evodia alishikwa na umeme. Maji yalikuwa ya chumvi kwa sababu samaki wa baharini hawaishi katika maji mengine.

Mughwai alizaliwa na wakulima wa mtama na alizeti. Alisoma, akaajiriwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa bahari huko Tanga, na huko akakaa hadi kustaafu. Mimi nilifundisha sekondari. Wenzake wa pwani walimtania kwamba ni Mnyaturu aliyepotea njia akielekea kisimani, naye alicheka tu. Tuliporudi Singida Mjini alikuja na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vipande vya matumbawe vilivyokuzwa kituoni. Alipewa kwa kibali. Hakuiba kitu maishani mwake.

Sakafu yetu ina mteremko kuelekea mlangoni, kama nyumba nyingi za hapa, ili maji ya kudekia yatoke yenyewe. Kwa hiyo Mughwai alilijengea tangi la samaki hao msingi wa matofali, akausawazisha kwa pima maji, na juu yake akatandika sponji.

"Kioo hakipendi kupindwa," aliniambia. "Ukikiweka upande juu, upande chini, hakipasuki siku hiyo. Kinangoja."

Nyaya alizipigilia ukutani zikining'inia chini ya soketi, ili tone la maji likiteleza lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Kila asubuhi alipitisha kidole kwenye viungo vya kioo. Akikuta unga mweupe wa chumvi aliufuta, kisha akarudi baadaye kuangalia kama umerudi. Alisema tangi linaloanza kuvuja huonyesha chumvi kwanza, maana maji hukauka kabla hujayaona. Msimu wa mvua alikinga maji ya paa na kuyahifadhi, kwa kuwa ya bomba hakuyaamini.

Jioni tulizima taa tukabaki na mwanga wa bluu wa tangi, yeye kwenye kiti chake, mimi na kitabu. Hatukuzungumza sana. Ukimya ule ninaukumbuka kwa sababu wa sasa haufanani nao.

Alifariki hospitalini mwezi wa Juni, kwa ugonjwa wa moyo. Kabla mwili haujaletwa nyumbani, wanaume wa ukoo walitoa vyombo sebuleni ili waombolezaji wapate pa kukaa na kulala, kama inavyofanywa kila penye msiba. Mimi nilikuwa chumbani, kwenye godoro lililowekwa chini, kina mama wamenizunguka. Mjane hatoki kwenda kuwaelekeza wanaume wapi waweke meza. Niliwasikia tu.

"Na hili kabati la maji?" kijana mmoja aliuliza.

"Lisogezeni kule mlangoni," alijibu shemeji yangu Paulo, mdogo wake Mughwai. "Watu watalala wapi?"

"Lina samaki, baba mdogo."

"Samaki wawili hawatoshi hata kuonjea ugali. Punguzeni maji kidogo, mshike kwenye kingo."

"Kaka naye," mwingine akasema, "katoka Tanga na kitoweo cha kutazama."

Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Nilimgeukia wifi yangu Redempta.

"Waambie wasiliinue likiwa na maji."

"Tulia, Emiliana," alisema. "Leo si siku ya samaki."

Nikasikia kioo kikikwaruza sakafu.

Waliliweka chini karibu na mlango, palepale kwenye mteremko. Lilipoyumba wakasukumia kipande cha mbao chini ya kona moja. Sponji waliitupa nje. Waya wa umeme, ambao Mughwai aliuning'iniza kwa uangalifu wote ule, waliulaza sakafuni chini ya mkeka. Kisha tukaenda Ihanja kuzika, na ufunguo akaachiwa Evodia ili awape samaki chakula.

Asubuhi moja Evodia aliingia akakuta mkeka umelowa. Alionja kidole, akakuta chumvi. Akainama kuukunja mkeka, mkono ukagusa waya, umeme ukampiga. Alikimbia hadi nje bila viatu, na bombani akawasimulia waliokuwa wanachota maji kwamba kitu cha Mughwai kinalia na kimemshika. Simlaumu kwa kuogopa. Angeweza kufa, na hilo ndilo lilipaswa kusimuliwa.

Nilirudi matanga yalipokwisha. Nilifungua mlango mwenyewe. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima umeme kwenye swichi kubwa, kisha nikapiga magoti kutazama. Ufa ulianzia juu ya kile kipande cha mbao, mwembamba kama unywele, ukapanda hadi katikati ya kioo. Maji yalikuwa yamebaki sehemu ya chini. Matumbawe yalikuwa nje ya maji, yamekauka na kuwa meupe. Samaki mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alikuwa kwenye kona, anapumua kwa shida.

Nilimpigia simu binti yetu Lucy, anayeishi Dar es Salaam.

"Mama, si uzibe kwa silikoni?"

"Kiungo kikivuja unaziba. Kioo chenye ufa hakiaminiki tena. Baba yako alisema."

"Basi waite majirani wakusaidie."

"Majirani wameshasaidia."

Nilichota maji kwa mikono yangu hadi kwenye mabeseni ya msiba yaliyokuwa hayajarudishwa. Stoo kulikuwa na tangi dogo ambalo Mughwai alilitumia huko Tanga kuwatenga samaki wageni. Nililiweka chumbani, nikalisawazisha kwa pima maji yake, nikachanganya maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe na chumvi aliyoiacha. Maji machafu niliyamwaga nyuma ya jiko. Yalitiririka hadi kwenye mchicha wa Evodia, ukanyauka, na hapo mtaa ukapata sura ya pili ya hadithi.

Wiki iliyopita Paulo alikuja na wazee wawili wa ukoo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Niliwapa chai.

"Shemeji, kuna kitu kinanguruma chumbani kwako. Watu wanakisikia dirishani."

"Ni pampu."

"Sisi tunaamini ni pampu. Ila tufungue, tuone, tuombe, maneno yaishe. Ni kwa ajili ya jina la kaka."

"Wakati mnainua kioo chake kikiwa na maji, jina lake lilikuwa wapi?"

Aliinamisha kichwa. "Tulikuwa tunatafuta pa kulaza watu."

"Najua, Paulo."

"Basi tuoneshe tu. Ukikataa, nani atakuja tena hapa?"

Aliyosema ni kweli, na nililijua hilo kabla hajalisema. Lakini nikiufungua mlango ule, itasemwa miaka yote kwamba nyumba ya Mughwai ilikaguliwa na kuombewa, na anayekaguliwa ni mtu mwenye cha kuficha. Niliwaambia hapana. Waliondoka chai ikiwa nusu, na tangu hapo hajabisha mtu.

Jioni nakihamishia kiti chake chumbani, nazima taa. Samaki huja upande wa kiti. Kila asubuhi napitisha kidole kwenye viungo.

Mmoja yu hai. Hataoneshwa kwa mtu, wala chumba hakitafunguliwa. Zaidi ya hapo sisemi, na nisiulizwe.