Bamba Jeusi la Jikoni kwa Mama

Profesa wangu kule Bukavu hakumaliza hata kunisikiliza. Nilitaka kuandika tasnifu juu ya nyaya za nano: nyaya za shaba nyembamba mno, jicho haliwezi kuziona, zimesimama wima kwa wingi juu ya bamba la alumini. Mwanga ukiingia kati yake haupati pa kutokea.

"Hiyo sujet iko ya bale beko na laboratoire," akasema. "We unatoka Baraka. Chagua ingine."

Sikuchagua. Nilirudi Baraka, mji wetu kando ya ziwa, na sujet yangu, mada ile ile, nikateka kona ya jiko la mama ikawa maabara. Asidi niliibeba kutoka Bukavu, umeme nikatoa kwenye betri za sola. Asidi na umeme vinatoboa vitundu kwenye alumini; kisha unalizamisha bamba kwenye maji yenye madini ya shaba, unapitisha umeme tena, na shaba inakua ndani ya vitundu. Mabamba mengi yaliharibika. Nikatukana, nikaanza upya. Mwishowe moja likatoka jeusi tititi, hata jua la mchana halikung'aa juu yake. Nilicheza kwa furaha peke yangu mle jikoni. Nikalianika kwenye kichanja cha vyombo, nikaenda sokoni.

Kwetu alumini nyeusi ni aibu ya nyumba. Mama alilikuta, akalibeba ziwani pamoja na sufuria, akalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likawaka. Alinikabidhi huku anatabasamu.

"Mi niliona iko na masizi," akasema. "Unataka batu baseme mutoto yangu iko muchafu?"

Nililia kwa hasira, sitaficha. Kazi yangu yote ilikuwa imebaki kwenye mchanga wa Ziwa Tanganyika. Mama alipoelewa, akauliza, "Utafanya ingine?"

"Nitafanya."

"Basi fanya. Mi sigusi tena."

Nikafanya. Bamba jipya lilipokuwa linakauka, mama aliketi kando ya kichanja akiwafukuza majirani waliokuja na majivu mkononi kumsaidia.

Nililipeleka Bukavu limefungwa kwenye kitenge cha mama. Profesa alilipangusa kwa leso, akaitazama leso: nyeupe. Akaligeuzageuza dirishani, weusi ule ule.

"Ulifanyia hii wapi?"

"Mu jiko ya mama, Baraka."

Akaliweka taratibu juu ya meza. "Endelea na sujet yako. Assistant yako alikuwa nani?"

"Mama," nikasema. "Kazi yake ilikuwa kuacha kusugua."