Vanila Ndani ya Eda

Pua yangu mimi haijawahi kunidanganya. Samaki akilala siku moja kwenye barafu najua, mume wangu akipitia kwa muuza chipsi kabla ya kurudi nyumbani najua. Kwa hiyo siku ile, wiki mbili tu baada ya kumzika kaka yangu, niliposimama ukumbini kwa mama pale Usagara nikasikia harufu tamu, nzito, inatoka vyumbani, sikujiuliza mara mbili. Nilisema moyoni: manukato. Ndani ya nyumba ya eda! Lo!

Mwenye eda alikuwa wifi yangu, mke wa marehemu. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Wifi yangu ni mtu wa Pemba, hakujaaliwa mtoto, na hapa Tanga hana ndugu hata wa kusingizia. Nyumba ni ya mama. Ami yetu, mdogo wa marehemu baba na ndiye mkubwa wetu siku hizi, aliniita baada ya hitima akaniambia, "Kaa naye. Akimaliza eda yake vizuri atabaki hapa na mama yako, ni mtoto wetu. Akileta mambo ya ajabu ajabu, eda ikiisha anapanda boti kwao."

Mimi naishi Moa, kule mpakani, nina mume, na cherehani yangu haishoni yenyewe. Lakini nilikubali upesi. Nikiri tu, sikuwa nampenda. Kaka nilikuwa naye mmoja, na tangu aoe, nikimpigia simu anapokea yeye. "Kaka yako yuko jikoni, wifi." Jikoni anafanya nini mwanamume mzima? Sikupata jibu, nikaweka kinyongo changu pembeni, kikakaa.

Sasa na mama naye. Siku ya maziko, mbele ya wanawake waliojaa uani, alisukuma kikombe cha chai akasema, "Kitamu hakiingii tena kinywani mwangu mpaka nionane na mwanangu." Watu walilia. Mimi nililia, na nikajivuna pia, Mungu anisamehe. Niliwatumia watu wa Moa ujumbe wa sauti: mama yangu hagusi sukari, hagusi tende, hata embe. Kila aliyekuja kutoa pole nilimwambia mlangoni kabla hajavua viatu. Mama akawa anakunywa chai ya rangi, kavu. Wali matonge mawili, sahani inarudi. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi akinawa, na mimi hilo nalo nililisimulia.

Baada ya ile harufu nikaanza kufuatilia. Kila siku, swala ya alasiri ikishaswaliwa, wifi anaingia chumbani kwa mama na mlango unarudishwa. Nikiuliza, naambiwa anamkanda mama miguu. Khaa! Miguu inakandwa mlango umefungwa, ina siri gani? Nikienda jikoni nakuta sufuria ndogo imeoshwa, imefunikwa, na bado ina joto. Mimi sijapika. Mama hali. Nani anapika nini saa kumi jioni?

Kisha ukaja mlango wa uani. Siku moja nilisikia unagongwa taratibu, mara tatu, namna ya mtu asiyetaka kusikiwa na nyumba nzima. Nilipochungulia, niliona mkono tu, unapitisha kifurushi cha gazeti, na wifi anakipokea anakitia chini ya kanga. Nilikimbia na ndala moja mguuni, nikakuta mlango umeshafungwa.

"Nani huyo?"

"Jirani, wifi."

"Jirani gani?"

"Jirani tu." Akacheka kidogo. Ndani ya eda anacheka!

Mkono wenyewe sikuuona vizuri. Ulikuwa wa mwanamke au wa mwanamume? Nilikaa na swali hilo siku tatu, na kila nilipolirudia ule mkono ulizidi kuwa wa mwanamume. Mwisho nilikuwa tayari kuapa kwamba niliona saa.

Ijumaa iliyofuata, wifi alipokuwa bafuni, nilikwenda kupekua vitu vyake. Sioni haya kusema, nilipekua. Kuna nguo za eda, msahafu, picha ya kaka imegeuzwa chini. Na chini kabisa, ndani ya kipande cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi, kichupa kidogo kama vile wanavyouzia mafuta ya attar sokoni. Nilikifungua, nikanusa. Ndiyo hasa! Ndiyo harufu yenyewe. Nilikifunga na uzi wake, nikakirudisha kwa furaha.

Nilimpigia ami.

"Una hakika?" akauliza.

"Ami, pua yangu unaijua."

Alikuja Alhamisi, saa ile ile ya alasiri. Mjane wa eda asingeweza kukaa naye uso kwa uso, kwa hiyo ami alibaki sebuleni nyuma ya pazia, bakora kaiegemeza kwenye kochi, na mimi ndiye niliyekwenda kuleta ushahidi. Nilipita ukumbini kwa ncha za vidole. Harufu ilikuwa imejaa. Sikubisha hodi, nilisukuma mlango wa chumba cha mama kwa bega.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, ameshika kwa mikono miwili kikombe kikubwa cha bati, kile alichokuwa akinywea kaka. Mdomo wa juu una masharubu ya rangi ya kahawia. Kifuani chembechembe za biskuti. Wifi alikuwa chini kwenye mkeka, amempa mama mgongo, anatazama dirishani na tasbihi mkononi. Nakumbuka nilichowaza kwanza: hata adabu hana, anampa mkwewe mgongo!

Mama aliponiona alikificha kikombe chini ya kanga. Mama yangu, mtu mzima wa miaka yake, alikificha kama mtoto aliyekutwa kwenye mtungi wa sukari, na kikamwagikia mapajani. Sijawahi kumwona mama yangu anaona haya. Hapo ndipo na pua yangu ilipoamka. Yale hayakuwa manukato. Ilikuwa chokoleti ya moto, maziwa mazito, samli ya biskuti, hiliki, na juu yake ile arki ya vanila wanayotia kwenye keki, ndiyo iliyokuwa kichupani.

"Vipi humo?" ami aliita kutoka sebuleni. "Umeona nini? Manukato ya nani?"

Mama alinitazama. Nilimwelewa. Nikisema kweli, wote wale niliowatangazia, kuanzia Usagara hadi mpakani, watajua kwamba mama wa marehemu anajifungia chumbani na kinywaji cha biskuti. Nikisema uongo, uongo gani? 

Wifi ndiye aliyejibu, hata hakugeuka. "Ya kwangu, ami. Ni mimi."

Na mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilinyamaza.

Ami aliguna. Akasema, "Basi, tumeshajua. Eda ikiisha atakwenda kwao." Nikasikia bakora inagonga sakafu, mlango wa mbele ukafungwa.

Tulibaki watatu. Mama alianza kulia, huku anafuta mapaja, huku ananisimulia. Wiki ile ya kwanza alianguka bafuni kwa kizunguzungu. Mimi nilikuwa ukumbini nawapokea wageni, nawahadithia jinsi asivyokula. Wifi alimwinua, akamlaza, akaenda jikoni akarudi na kikombe. Ni kinywaji ambacho kaka alikuwa akijipikia karibu kila jioni. Ndiyo jikoni kwake kule nilikoambiwa yuko. Na kaka alijifunza kukipika kwa mama mwenyewe. Tulipokuwa watoto, kaka akishikwa na homa, mama alimchemshia kakao akamvunjia biskuti ndani. Ninakumbuka. Kaka alikunywa, mimi nilipewa sufuria nikwangue.

"Nikamwambia asimwambie mtu," mama alisema. "Hasa wewe."

"Hasa mimi? Mama, mimi ni mwanao!"

"Ungewaambia watu. Si ulishawaambia?"

Ule mkono wa mlango wa uani ulikuwa wa jirani yetu, mama mtu mzima anayepika nankatai, zile biskuti za samli, za kuuza. Zinazovunjika haziuziki, alikuwa anamletea mama. Saa yenyewe hana.

Ilinichukua siku tatu kumwendea ami, na siku zote tatu niliona aibu kula mbele ya wifi. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, kisha akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Umenifanya nimdhulumu mtoto wa watu," akasema. "Mwambie abaki. Nyumba ni yake." Nikarudi Usagara mbio, nimebeba habari ile kama zawadi.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilimweleza. Alipepeta, akatoa punje mbili za mpunga, akazitupa.

"Ahsante, wifi. Nitamaliza eda yangu hapa, kisha nakwenda kwetu."

"Si ami amesema ubaki?"

"Nimesikia. Nimechoka kutazamwa." Hakusema kwa hasira, afadhali angesema kwa hasira. "Kile kichupa, wifi, mimi nilikifunga fundo moja. Nilikikuta na mawili."

Nilimwomba. Mama alimwomba, akalia. Alimbusu mama mkono na hakubadilika. Miezi ile iliyobaki aliendelea na kazi yake ya alasiri, mlango wazi sasa, na wiki ya mwisho akanifundisha.

Nilisimama kando yake jikoni na kalamu. Maziwa ya ng'ombe kwa moto mdogo mpaka malai, ule utando wa mafuta, yapande juu. Malai yanaenguliwa, yanawekwa. Kakao vijiko viwili na sukari, inapondwa kwa maji ya moto kidogo mpaka iwe uji laini, ndipo inaingia kwenye maziwa. Nankatai tatu zilizovunjika zinalowekwa kwenye maziwa ya vuguvugu, zinapitishwa kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, ndiyo maana kinywaji kinakuwa kizito na unasikia biskuti bila kuitafuna. Chumvi ya kubana kwa vidole. Hiliki. Ukishaepua, matone manne ya arki, yakichemka yanapotea. Malai juu, na nankatai moja imesagwa inanyunyizwa. Niliandika yote. Na kwa tabia yangu, niliitazama mikono yake wakati wote, nione kama kuna kitu anakipenyeza.

Akapanda boti. Mimi nikamwomba mume wangu ruhusa, nikahamishia cherehani Usagara.

Siku ya kwanza nilipika kama nilivyoandika. Nikampa mama kwenye kikombe cha kaka, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Alionja. "Nzuri," akasema, akakiweka mezani. Kikapoa, kikafanya utando. Siku ya pili, nzuri, akakiweka. Siku ya tatu vivyo hivyo.

Nikaanza kushuku. Wapemba hawa! Kuna kitu kaficha. Nilibadilisha maziwa, nikanunua kakao ya kopo jingine, nikaenda mwenyewe kwa jirani nikachagua nankatai zisizovunjika. Nilitia matone matano, nikatia matatu. Kila alasiri ninakaa kwenye kigoda, namtazama mama usoni, na kila alasiri naambiwa nzuri. Mwezi mzima. Kisha siku moja mama akawa ananawa, nikasikia bangili inaanguka kwenye sinki.

Nilipiga simu Pemba siku hiyo hiyo, na sikuanza kwa salamu.

"Wifi, nieleze kweli. Kuna kitu gani hukunionyesha?"

 Nilisikia kuku wanalia kule kwao.

"Nimekuonyesha vyote, wifi. Hakuna kilichobaki."

"Basi mbona hanywi?"

"Ukishampa, wewe unakaa wapi?"

"Mbele yake. Namtazama. Si lazima nijue kama anakunywa?"

Akashusha pumzi. "Mgeuzie mgongo, wifi."

 Nilimwambia ahsante, nikakata simu, nikakaa jikoni na ile karatasi yangu ya mapishi, nimeandika mpaka chumvi ya vidole viwili.

Kesho yake nilipika. Nilimpa mama kikombe na kijiko, nikageuza kigoda, nikatazama dirishani. Jirani alikuwa ameanika mashuka, na nililihesabu kila shuka. Nyuma yangu palikuwa kimya, na mimi nilikuwa na hamu ya kugeuka mpaka shingo ikauma. Ikapita dakika, ikapita nyingine. Kisha nikasikia kijiko kinakwangua chini ya kikombe cha bati, taratibu, kinakwangua tena. Sikugeuka.