Gari Lililovalishwa Kofia za Nailoni

Mtaani tulimwita Kiangazi yule mpiga picha za pasipoti, kwa sababu gari lake lilitembea jua likiwaka tu. Lilikuwa gari la zamani kweli, lenye taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Aliachiwa na baba mkwe wake, ambaye nadhani alikata roho huku akicheka. Wingu likitanda, Kiangazi alimwacha mteja mbele ya kamera, shingo imenyooka, akatoka mbio kwenda kulifunika gari turubai. Bati la jikoni kwake lilivuja juu ya sufuria mwaka baada ya mwaka. Hilo halikuwahi kupata turubai.

Ukimkuta barazani, ujue umekwisha. "Adui wa gari la zamani si kutu," alikuwa akisema. "Adui ni unyevu. Umeme unatoka kwenye koili, unaingia kwenye distribyuta, pale unagawiwa plagi moja moja kwa zamu. Tone likiingia chini ya kile kifuniko, umeme unapotea njia, cheche hakuna, gari halina moto."

Hayo yalikuwa kweli. Ubaya wa Kiangazi ni kwamba akiupata ukweli mmoja, aliuvaa mpaka ukachanika.

Mvua zilipokaribia, aliamua kuukomesha unyevu moja kwa moja. Aliingia kwenye saluni ya mkewe, akabeba kofia za nailoni wanazovalishwa wanawake wakipakwa dawa ya nywele. Distribyuta ikavalishwa kofia juu ya kofia na kuzungushiwa tepu nyeusi, koili nayo ikapata yake, na kila waya ukafungwa kama mguu uliovunjika.

"Hizo ni za wateja, baba watoto," mkewe alisema, vidole vikiwa ndani ya nywele za mtu.

"Wateja wako wakilowa watakauka."

"Sawa. Lakini kichwa nikikivalisha hiyo kinatoka jasho. Ndiyo kazi yake."

Kiangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wenzangu, mmesikia? Gari litoke jasho!"

Sasa, mama mkwe wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na siku ya kufunguliwa bandeji ikafika. Ikafika na mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Mkewe akataka kuita teksi.

"Teksi!" Kiangazi alisema kama mtu aliyetukanwa. "Mama apande gari la mtu baki, na gari la marehemu mumewe lipo hapa?"

Mama mkwe alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa wazi. "Mkwe wangu, marehemu mwenyewe mvua ikinyesha alikuwa anapanda basi."

Alipanda hata hivyo, maana mtu mzima hagombani na mkwe mlangoni. Gari likawaka mara moja. Njiani Kiangazi hakufunga mdomo. Kila gari lililokwama pembeni alimwonyesha mwenye jicho moja. "Unaliona lile, mama? Jipya kabisa. Limezima kama mshumaa. Watu hawajui kutunza vitu."

Walipofika kwenye mzunguko mkubwa, katikati ya dimbwi, gari likakohoa. Likaruka kidogo kama mwenye kwikwi. Likazima.

Honi zikalia nyuma. Kiangazi akashuka, maji yakamfika kwenye soksi, akafungua boneti. Juu ya zile nailoni maji yalikuwa yakiteleza vizuri, kama alivyopanga. Akazichana, akafungua kifuniko cha distribyuta, na ndani akakuta matone yamejipanga kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Hewa ya unyevunyevu ilifungiwa humo, injini ikaipasha moto, na haikuwa na pa kutokea. Gari lilikuwa limetoka jasho.

Alihitaji kitambaa kikavu. Matambara yake ya kwenye buti la gari yalikuwa yameloa chepechepe. Akachungulia dirishani. "Mama, naomba huo mtandio wako mara moja."

"Mtandio huu naenda nao kwa daktari," mama mkwe alisema. Akafungua mlango, akalisimamisha gari la mikate lililokuwa likipita polepole, na dereva akamsogezea kiti. "Ukimaliza kuliogesha, utanikuta nyumbani."

Kiangazi akavua koti, akavua shati, akavua fulana, kitu pekee kikavu alichobaki nacho. Akasimama kifua wazi kwenye mvua, ameinama chini ya boneti, akifuta kifuniko kama anayempangusa mtoto pua. Watu waliojikinga kituoni wakatoa simu. Yeye aliyewakataza watu kucheka mbele ya kamera, siku hiyo alipigwa picha na umati uliokuwa ukicheka.

Gari liliwaka. Akafika hospitali, akaambiwa mama ameshaondoka. Akarudi nyumbani, akamkuta amekaa sebuleni, macho yote mawili wazi. Mama mkwe alimwangalia kuanzia nywele hadi soksi.

"Kumbe umezeeka hivi!" alisema. "Nilikuwa sijakuona vizuri."

Siku iliyofuata Kiangazi alibandua nailoni zote. Akanunua waya mpya zenye vifuniko vizuri vya mpira, akazipaka grisi mwishoni, akakata kipande cha zulia la mpira kuzuia maji yanayorushwa na feni ya injini, na distribyuta akaiacha ipate hewa. Tangu hapo gari linatembea mvuani bila kikohozi. Mkewe hakuambiwa ahsante. Barazani tulielezwa hivi: "Kosa la watu ni kuifunga distribyuta. Lazima ipumue. Hilo niligundua mwenyewe, kwa utafiti."

Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo, alizunguka mtaa mzima akipiga honi, akiwaita waliojibanza chini ya vibaraza vya maduka wapande bure. Kila mtu aligeuka kutazama ukuta. Mwisho aliingia mkewe, kwa kuwa saluni iko mbali na mvua ni mvua. Alikaa kiti cha nyuma, kama abiria. Kiangazi akaanza kumweleza habari za unyevu, naye akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho.