Koti la Askari wa Herode

Harufu ya robota la mitumba linapokatwa kamba, ile ya vumbi, dawa ya nondo na jasho la watu usiowajua, mpaka leo siivumilii. Wenzangu husimama kuchagua. Mimi hupita haraka, na msinicheke kabla hamjasikia.

Mama yangu aliuza nguo hizo, balo kama tulivyoziita Goma, kwenye meza yake pale Murara. Mwaka ule volkano ilipita katikati ya mji ikala kanisa letu, pamoja na sanduku la mavazi ya mchezo wa Noeli. Katekista akaagiza kila familia ijishonee mapya. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na nilijiona fundi kamili. Nguo zilizokosa mnunuzi zilikuwa mali yangu: gauni la arusi lililochanika mgongoni likawa la malaika, yaani mimi, na mapazia ya maua yakawatosha mamajusi wote watatu.

Kaka yangu Mumbere, mwenye miaka kumi na tano na urefu wa mtu mzima, ndiye aliyekuwa askari wa Herode. Nilimtafutia vazi siku tatu. Mwishowe, chini kabisa ya balo moja, nikavuta koti zito la kijani lenye mifuko minne. Nikalitia mabega ya vipande vya mkanda, nikalipamba kwa vifungo vya dhahabu nilivyokata kwenye blauzi ya bibi fulani wa Ulaya. Sikumwonyesha mama. Nilitaka ashangae siku ya Noeli.

Alishangaa mapema zaidi. Waasi ndio walioshika mji wakati huo. Kwenye vizuizi vya barabarani waliwavua vijana mashati kutazama mabega, maana kamba ya bunduki huacha alama, na mwenye alama alihesabiwa kuwa wa upande mwingine. Tangu lava ilipokata mabomba, Mumbere alikuwa akibeba bidoni za maji kutoka ziwani kila asubuhi, kamba begani. Hayo yote niliyajua. Sikuyaunganisha na koti langu mpaka siku ya mazoezi, Mumbere alipotangulia akiwa amelivaa, na jirani akaja mbio akipiga kelele:

"Mama Mumbere! Wamekamata mutoto wako pale ku bariere! Ni juu ya ile koti!"

Mama aliiacha meza bila mtu, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena, akanishika mkono vile vile nilivyokuwa, ndani ya gauni la arusi nililokuwa nikilipima, likiburuta juu ya mawe meusi. Tulimkuta Mumbere ameketishwa chini kifua wazi, koti limetandazwa mbele yake.

"Hii koti, nani alikupatia?" mkubwa wao alikuwa akimuuliza.

"Ni miye mwenyewe niliitoa mu balo," Mumbere akajibu. "Mama hakujua."

Alidanganya huku akiniangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "mimi", na halikutoka. Naona haya hata sasa ninapoandika.

"Ni koti ya mchezo, papa," mama akasema. "Ni mambo ya Noeli. Huyu ni malaika, na ule ni askari wa Herode."

"Kama ni mchezo, basi acheze," mkubwa wao akasema.

Mumbere akafungua mdomo, sauti ikagoma. Mimi malaika nilikuwa nalia tu. Ndipo mama, ambaye kwa wiki tatu alikuwa amemsikia Mumbere akiyakariri maneno yake jikoni, akajifunga kitenge vizuri, akasimama wima mbele ya wale watu wenye bunduki, akapaza sauti:

"Kwa amri ya mfalme! Akina mama wa Betlehemu, leteni watoto wenu wa kiume! Asibaki hata mmoja!"

Mmoja wa waasi alitazama viatu vyake. Mkubwa wao akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mama, beba mutoto wako, muende. Koti inabakia."

Njiani mama hakusema kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikausubiri huo mshindo hadi kesho yake. Haukuja. Nikaanza, Mungu anisamehe, kulilia koti langu.

Siku ya Noeli mama alimvika Mumbere mwenyewe: joho la kulalia la mwanamke, la rangi ya waridi, lenye manyoya shingoni. Watu chini ya turubai la parokia walivunjika mbavu. Mumbere alitamani ardhi immeze. Mama alipiga makofi kuliko wote, akicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikamkasirikia moyoni. Mzazi gani humwaibisha mwanawe mbele ya watu?

Sasa nina mwanangu wa miaka kumi na tano. Juzi aliinamisha kichwa ili apite mlangoni, nikajikuta namtazama mabega, nikakaa chini. Ndipo nilipoielewa furaha ya mama. Mwanawe alisimama mbele ya parokia nzima, mrefu, mzima, na ndani ya joho lile la waridi hakuna jeshi lolote duniani ambalo lingemtaka.